Kabla ya kumfuga mdudu wa madoa, fuga vidukari kwanza

Dada, pole na mtoto. Umesema mwanao wa miaka 5 alirudi na yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, mkamweka kwenye kopo la siagi ya karanga lenye majani ya mchicha, mkalifunga na kuliweka dirishani, na siku ya tatu mkamkuta amekufa. Unauliza anakula nini, anafugika, na kama watoto wanaweza kumwona tangu yai mpaka anaota mbawa. Wanaweza kabisa. Mimi nimeshafuga mara 4 hapa nyumbani Morogoro na wanangu wawili. Wakati tunaanza binti alikuwa na miaka 6 na mdogo wake 4. Nitaandika kirefu, maana nami nilipoteza wengi kwa makosa ambayo ningeambiwa mapema nisingeyafanya.

Huyo wa kwenu hakufa kwa kuteswa. Alikaa na njaa, na joto la kopo lililofungwa juani likammalizia. Mdudu huyu hali majani, ni mwindaji. Anakula vidukari, wale wadogo laini, weusi au wa kijani, wanaojazana kwenye ncha changa za kunde na nyuma ya majani ya kabichi. Wakulima wengine wanawaita wadudu mafuta. Kumpa mchicha ni kama kumfungia paka bandani na fungu la mchicha.

Ndiyo maana nakwambia usianze na mdudu wa madoa. Anza na vidukari. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanapata mayai, mayai yanaanguliwa, halafu siku ya pili hakuna chakula nyumbani na watoto wa wadudu wanakula wenyewe kwa wenyewe. Sisi tulipanda kunde kwenye makopo 6 ya rangi yaliyokwisha, tukayatoboa chini, mbegu 4 kila kopo. Zilipotoa majani ya kutosha nikaenda kuomba kitawi kimoja cha kunde chenye vidukari weusi kwa jirani (alifurahi kukitoa) nikakilaza juu ya miche yetu. Kitawi kiliponyauka, vidukari wakahama wenyewe. Baada ya wiki moja ncha zote zilikuwa nyeusi. Kidukari jike huzaa watoto hai bila hata kupandwa na dume, ndiyo maana wanaongezeka haraka hivyo. Makopo mawili usiyaguse kabisa, yawe akiba. Na ukiona mvua kubwa inakuja yaingize barazani, maana mvua ya masika huwaosha vidukari wote kwa usiku mmoja.

Jambo la pili, hili limenigharimu. Mara ya kwanza nilifunika chombo kwa kipande cha chandarua cha zamani. Asubuhi lava wote 17, yaani watoto wa mdudu waliotoka kwenye mayai, walikuwa wamelala chali chini ya chombo. Nilikaa nikiwaza kosa liko wapi, mpaka nikakumbuka kwamba vyandarua tunavyolalia vimewekwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haichagui mdudu. Ilibidi nimweleze binti yangu ukweli kwamba mimi ndiye niliyewaua kwa kutojua. Alilia, kisha akaniuliza kama sisi tunaolala ndani yake tutakufa pia. Nikamweleza kwamba kiasi kilichomo ni kidogo mno kwa mwili wa mtu ila ni kikubwa kwa mdudu wa milimita 2. Basi, chandarua usitumie, hata kilichofuliwa mara nyingi. Tumia kipande cha mtandio mwepesi au soksi ndefu za stokingi, ukifunge kwa mpira wa ofisini. Tundu za stokingi ni ndogo, lava aliyetoka kwenye yai hapiti. Kwa sababu hiyohiyo majani ya sokoni usiyaamini, huwezi kujua yamepuliziwa nini.

Chombo chetu ni chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa juu. Ndani naweka ncha ya kunde iliyochomekwa kwenye kichupa kidogo cha dawa chenye maji, na mdomo wa kichupa nimeuziba kwa pamba ili wasitumbukie. Maji ya wazi hayafai. Jasho la chupa nalo ni hatari, lava mdogo akinasa kwenye tone hatoki tena, kwa hiyo kila asubuhi mdogo alikuwa na kazi ya kufuta ndani kwa kitambaa. Aliipenda kazi hiyo kuliko kupiga mswaki. Chombo kikae kivulini penye hewa, juu ya stuli, na kila mguu wa stuli uwe ndani ya kopo lenye maji. Sisimizi wanawapenda vidukari kwa sababu ya umajimaji mtamu wanaoutoa, wanawalinda kama mchungaji na ng'ombe wake, na mayai ya mdudu wa madoa hawayaachi salama.

Kumpata mzazi si kazi ngumu. Nendeni kwenye kunde, mahindi machanga au kabichi zenye vidukari, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkikuta wawili wamepandana, wachukueni wote. Watoto watauliza, wajibuni tu kwamba wanatengeneza mayai. Msimshike kwa vidole, maana akiogopa hutoa majimaji ya njano kwenye viungo vya miguu, machungu na yananuka. Hayadhuru ngozi, osheni mikono tu. Sisi tunatumia unyoya wa kuku. Ukiuweka mbele yake anaupanda mwenyewe, na mtoto wa miaka 4 anaweza kuhamisha hata lava bila kumponda.

Lakini angalieni mnayemwokota. Wapo ndugu zake wanaokula majani kweli. Wanakaa sana kwenye maboga na jamii ya nyanya, rangi yao imefifia na migongo ina vinyweleo, hawang'ai. Lava wao ni wa njano wenye miiba yenye matawi, na jani wanaloliacha limebaki kama wavu. Mkimkuta mdudu kwenye jani la namna hiyo na hakuna kidukari hata mmoja karibu, mwacheni. Na idadi ya madoa si umri wake, hata kama watu wazima watawaambia watoto hivyo. Kila aina ina madoa yake tangu siku ya kwanza. Wengi wa hapa kwetu hawana hata madoa ya mviringo, wana michirizi na alama kama mwezi mwandamo.

Akishiba vizuri, jike hutaga ndani ya siku chache. Mayai ni ya njano, marefu kidogo, yamesimama wima kama punje za mchele zilizopangwa. Ya kwetu yalikuwa 23. Hapohapo watoeni wazazi warudi bustanini, maana huyahesabu mayai kama chakula. Kwa joto la Morogoro yanaanguliwa siku ya tatu au ya nne. Yakigeuka kijivu jioni, kesho asubuhi mapema muwe macho. Lava wakitoka hukaa kwanza juu ya maganda kama siku moja wakiyala, na yai lililochelewa nalo huliwa. Mimi nilitaka kuficha hilo. Binti ndiye aliyeliona kwa lenzi ya mkononi, akaja kuniambia taratibu, "Mama, wanamla mdogo wao." Nikamwambia ndiyo, wana njaa na bado hawajui kutembea mbali. Alitulia muda, akaenda kukata ncha nyingine ya kunde yenye vidukari, akaichomeka mwenyewe. Tangu siku ile sikuficha tena kitu.

Lava hafanani na mzazi hata kidogo, muwaandae watoto kwa hilo. Ni mweusi, mrefu, ana miguu 6 na alama za njano au nyeupe mgongoni, ukimkuza anafanana na mamba mdogo. Wakulima wengi wanamuua wakidhani ndiye adui wa shamba. Anajivua ngozi mara 3 akikua, na magamba meupe yaliyobaki kwenye jani tuliyabandika daftarini. Wiki hii ya pili ndiyo yenye kazi. Mkubwa mmoja tulimhesabia vidukari usiku mmoja, watoto walifika 20 wakapelekwa kulala naye bado anakula. Hadi awe pupa, yaani hatua ya kutulia bila kula kabla ya kuota mbawa, kila mmoja hula mamia. Ndiyo maana baki na lava 5 au 6 tu kwa chupa moja, wengine wapelekeni kwenye kunde za nje. Tulipobaki na wote, tulimaliza na 4.

Siku moja utaona ameacha kula na amejikunja, amegundisha ncha ya mkia kwenye jani. Msimbandue. Kesho yake ngozi imesukumwa chini na amekuwa pupa, rangi ya chungwa yenye mabaka. Watoto husema amekufa. Mwambie wako amguse kwa ncha ya unyoya, taratibu kabisa: pupa anajiinua wima ghafla kisha anarudi chini. Mwanangu mdogo alicheka kwa sauti mpaka babu yake akatoka nje kuangalia kuna nini.

Babu huyo, baba mkwe wangu, alikuwa amekuja kututembelea na hakupenda tunavyolea wadudu kwenye makopo ya kunde. Nilimsimulia habari ya machungwa ya California. Miaka ya 1880 miti ilikuwa inakauka kwa mdudu mweupe anayefunikwa na nta kama pamba, aliyetokea Australia. Mwaka 1888 mtaalamu aitwaye Albert Koebele alitumwa hukohuko Australia, akapeleka mamia ya wadudu wa jamii hii yetu wanaomla, na baada ya mwaka mmoja au miwili mashamba yakapona. Mzee hakujibu kitu. Kesho yake nilimkuta barazani ameivaa miwani yake, anaangalia chupa.

Sasa siku ambayo sitaki muikose. Pupa anakaa kama siku 4 hadi 6 kwa joto letu, wa kwenye baridi kama Njombe au Lushoto hesabuni zaidi. Akigeuka mweusi kidogo na alama za mgongo zikaonekana kwa ndani, amekaribia. Kwetu ilikuwa saa 12 na nusu asubuhi, binti ameshavaa sare na amebeba begi. Ganda lilipasuka mbele, akatoka mdudu wa njano mpauko, laini, anang'aa kama siagi, mgongoni hana alama hata moja. Binti alisema, "Amesahau madoa yake." Mbawa za ndani, nyembamba kama karatasi ya vitunguu, zilikuwa zinaning'inia nyuma zikikauka, ndefu kuliko mwili wake. Baadaye akazikunja chini ya zile ngumu za juu, na mpaka leo sielewi zinaenea vipi mle. Sikumpeleka shule mpaka saa 2, nikamwandikia mwalimu barua ya kweli. Aliporudi mchana alikimbilia chupa kabla ya kuvua viatu. Rangi ilikuwa imekolea, na michirizi miwili myeusi imejitokeza kama iliyochorwa kwa wino ungali mbichi.

Mkae naye siku moja au mbili awe mgumu, apate vidukari, kisha mumwachie jioni kwenye kunde zenyewe. Watoto wenu wakililia abaki, wekeni makopo ya kunde barazani na muache mahindi machache yatoe mbelewele, wazima hula chavua pia. Kwetu wamekuwa wakirudi, ingawa siwezi kuwaahidi watoto kwamba ni walewale.

Pandeni kunde wiki hii. Zikiwa na wiki 2 au 3, tafuteni kitawi cha vidukari, na wiki moja baadaye ndipo mtafute wazazi. Mkipata lava, niandikie rangi ya alama zake na mmea mliomtolea, nitakwambia kama ni mwindaji au ni yule wa maboga.