Playfair Display: linda mstari mwembamba

Nikipata kazi ya kadi ya harusi, lebo ya marashi au jalada la jarida, fonti ninayoijaribu kwanza ni Playfair Display. Ni ya bure, hata kwa kazi za biashara. Aliichora Claus Eggers Sørensen, mbunifu wa Denmark, ikatoka mwaka 2011. Alitazama kazi za karne ya 18, hasa za John Baskerville, mchapaji wa Birmingham aliyejitengenezea wino na kutafuta karatasi laini ili mistari myembamba ya herufi zake itoke safi.

Mstari huo mwembamba ndio mali yenyewe. Ikuze a ndogo ijae kwenye skrini: upande mmoja mnene, halafu mstari unakonda ghafla na kuishia kwenye kitone cha mviringo. Andika “Tunawakaribisha” uone a nne zikipokezana mwendo huohuo. Inapendeza mno!

Lakini ni fonti ya vichwa vya habari. Mimi siishushi chini ya pointi 20. Aya ndefu ziandike kwa fonti ya Georgia, ambayo inaendana nayo vizuri, au kwa fonti ya Lato ukitaka kitu chepesi zaidi. Kwenye maandishi madogo mistari inapotea, na bibi anayesoma kadi bila miwani anabaki na vipande vya herufi.

Kwenye uchapaji kuwa mwangalifu zaidi. Herufi nyeupe juu ya nyeusi huliwa na wino unaosambaa kutoka pande zote, basi ziongeze ukubwa. Rangi ya herufi iwe ya wino mmoja. Ukichanganya wino wa rangi nne, sahani moja ya kuchapia ikisogea kidogo tu, mstari mwembamba unatoka na kivuli. Dhahabu ya kubandika kwa joto nayo hukatika kwenye karatasi isiyo laini. Omba sampuli kwenye karatasi ileile itakayotumika, hata kama mchapaji anakuharakisha.

Kisha kuna namba, jambo ambalo wengi hawalitazami mpaka kadi zimeshatoka. Namba za kawaida za Playfair Display ni za mtindo wa kale: 6 na 8 hupanda, 3, 4, 5, 7 na 9 huning'inia chini ya mstari, na 0 hufanana na o ndogo. Katikati ya sentensi tarehe hupendeza hivyo. Kwenye namba za simu au orodha ya bei, msomaji anasumbuka. Programu za usanifu za Illustrator na InDesign zina sehemu ya OpenType (mipangilio ya ziada ya fonti) ya kuchagua namba zenye kimo kimoja; kwenye tovuti, weka kwenye CSS, yaani msimbo wa mwonekano wake, font-variant-numeric: lining-nums. Programu yako ikiwa haina uwezo huo, andika namba za simu kwa Lato na uzipunguze kidogo zilingane na maneno ya pembeni.