Maswali ya Wasomaji: Kuwa Bingwa wa Matatizo ya Mijongeo ya Mwili

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa 4. Navutiwa na magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, hasa yale yanayovuruga mijongeo ya mwili, kama ugonjwa wa Parkinson. Mwenzangu ananikatisha tamaa akisema kwamba nitaishia kuyapa majina magonjwa yasiyopona. Kazi hii ikoje, na masomo yake huchukua muda gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Muda ni mrefu, na ni vema uujue mapema. Katika nchi nyingi shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka 5 au 6, ikifuatiwa na mafunzo kazini, kisha miaka kadhaa ya ubingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, na mwisho mwaka 1 au 2 wa ubobezi katika mijongeo peke yake. Ukihesabu tangu siku ya kwanza chuoni, ni miaka 10 au zaidi.

Kuhusu kazi yenyewe, wengi hudhani kwamba daktari wa ubongo hushinda akitazama picha za mashine. Picha na vipimo vya damu husaidia kuondoa shaka ya magonjwa mengine, lakini katika fani hii ugonjwa mara nyingi hutambuliwa kwa macho na mikono ya daktari. James Parkinson, alipoandika mwaka 1817 kuhusu ugonjwa ambao baadaye ulipewa jina lake, alieleza habari za watu 6 tu, na baadhi yao alikuwa amewaona njiani mjini London.

Chukua mgonjwa anayelalamika kwamba mkono unatetemeka. Daktari humwomba aweke mikono mapajani na ataje miezi ya mwaka kinyumenyume. Akili ikishughulika na hesabu hiyo, mkono uliokuwa umetulia huanza kutikisika. Kisha humtaka agonganishe kidole gumba na cha shahada kwa kasi, akivipanua kadiri awezavyo. Mwenye Parkinson huanza vizuri, lakini baada ya mara chache nafasi kati ya vidole hupungua na kasi hufifia. Daktari humkunja na kumkunjua kiwiko ili ahisi ukakamavu, humpa kalamu aone kama herufi zinazidi kuwa ndogo, halafu humwacha atembee ili atambue ni mkono upi haupungi. Mwingine mkono wake hutulia kabisa mapajani, ila hutetemeka akiinua kikombe au akiandika. Huyo yaelekea ana ugonjwa mwingine, na dawa zake ni nyingine. Na wapo ambao kutetemeka kwao kumeletwa na dawa walizoandikiwa kwa ajili ya kichefuchefu au maradhi ya akili, ndiyo maana mimi huomba kwanza mfuko wa dawa umwagwe mezani.

Mwenzako ameshika nusu ya ukweli. Parkinson haiponi, lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari George Cotzias alionyesha kwamba dawa iitwayo levodopa ikimezwa kwa dozi inayopandishwa polepole huwawezesha kusimama na kutembea watu waliokuwa wameganda kitini, na hadi leo ndiyo dawa kuu. Baada ya miaka kadhaa nguvu yake huanza kuisha kabla ya dozi inayofuata, au mwili hucheza bila mtu kutaka. Hapo daktari hukaa na mgonjwa na daftari lake la saa, wakisogeza dozi moja nusu saa, wakiigawa nyingine. Kazi hiyo ya kushona na kufumua haina sifa kubwa, nami naiona kuwa kiini cha fani nzima. Tena yako magonjwa yanayotii tiba hasa. Ugonjwa wa Wilson, ambao mwili hushindwa kutoa madini ya shaba, huweza kudhibitiwa kwa dawa za maisha ukigunduliwa mapema. Yupo pia mtoto ambaye miguu hujipinda jioni na kupata nafuu baada ya usingizi, akadhaniwa kwa miaka kuwa na mtindio wa ubongo, kumbe dozi ndogo ya levodopa ingemtosha.

Swali: Je, bingwa huyu ndiye anayetoboa fuvu na kuweka nyaya za umeme ubongoni?

Jibu: Hapana, hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji wa ubongo. Tiba hiyo, kwa sura yake ya sasa, ilianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987 kwa Alim Louis Benabid na wenzake. Bingwa wa mijongeo huamua nani anafaa, na baada ya upasuaji hurekebisha umeme kwa miezi. Ukiacha kutetemeka, dalili ambazo hazipungui kwa levodopa kwa kawaida hazitapungua kwa nyaya pia, hivyo kuwakatalia baadhi ya watu ni sehemu ya kazi.

Swali: Mimi ni muuguzi. Ni jambo gani gumu zaidi katika kliniki hizo?

Jibu: Kwangu mimi ni ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo na kuvuruga mijongeo na akili. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1993, na tangu hapo kipimo cha damu kinaweza kumwambia mtu mzima asiye na dalili yoyote kama ameirithi. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50, na hakuna dawa ya kuuzuia. Wengi walio katika hatari hiyo huchagua kutopima, na ni haki yao kamili. Anayetaka kupima hupewa kwanza ushauri nasaha, huombwa aje na mtu anayemwamini, na huweza kubadili nia hata siku ya majibu. Mtoto mdogo asiye na dalili hapimwi, hata wazazi wakisisitiza. Kinachotulemea zaidi ni pale kijana ambaye babu yake aliugua anapotaka kupima ilhali baba yake hataki kujua, kwa sababu jeni ikionekana kwa kijana, basi baba naye anayo. Panapowezekana, tunaomba wawili hao wazungumze kabla damu haijachukuliwa.