Dawa zikiisha, hiyo karatasi usitupe

Wacha nianze na mwaka huu ndio nisizunguke sana. Msichana wangu wa pili ameingia Gredi ya 10, boding, na kwa zile fomu za kuripoti kuna moja ya kujazwa na daktari. Nikampeleka kliniki hapa Kayole nikijua ni mambo ya dakika kumi. Daktari akaona alama ya upasuaji kwa tumbo, akauliza, nikamwambia alikuwa na saratani ya figo akiwa na miaka minne, wakatoa figo moja, akawekewa dawa, akapona. Dawa gani? Nikasema ile nyekundu na zingine. Nyekundu kiasi gani? Nikanyamaza. Yaani miezi karibu nane nimelala kwa kiti ya plastiki kando ya kitanda chake, na hiyo swali sina jibu.

Kwa wenye hawajui, hiyo saratani inaitwa uvimbe wa Wilms na huwa ni ya watoto wadogo. Mimi niliishika nikimwosha kwa beseni, kitu kigumu upande wa kushoto, hata mtoto hakuwa analia. Mahali pa kwanza tulipewa dawa ya minyoo. Hiyo hadithi nikiianza hatutamaliza leo.

Chenye sikujua ni kwamba dawa huisha kwa drip lakini kwa mwili kazi yake haijaisha. Ile nyekundu, doksorubisini, inaweza kuumiza misuli ya moyo, na shida inaweza kuonekana baada ya miaka mingi mtoto akiwa mzima kabisa anacheza netiboli. Inahesabiwa kwa jumla, dozi zote pamoja tangu ile ya kwanza, na watoto waliopewa wakiwa chini ya miaka mitano ndio wako kwa hatari zaidi. Kwa hivyo daktari akijua jumla ndio anajua echo, ile picha ya kuangalia moyo ukipiga, irudiwe kila baada ya miaka mingapi. Asipojua anabahatisha. Kuna pia vinkristini, hiyo nayo hucheza na mishipa ya fahamu, wangu alikuwa anaburuta miguu anajikwaa kwa ngazi za ploti na mimi namgombeza ati avae viatu vizuri. Hiyo bado inaniuma.

Nikarudi hospitali kutafuta faili. Mara tatu. Faili haionekani, rudi wiki ijayo, aliyekuwa na ufunguo yuko livu. Kilichotuokoa ni daftari ya kurasa 48, kuna sista mmoja siku ya kwanza aliniambia mama andika kila kitu, na mimi kwa kuogopa nikawa naandika, tarehe, chupa, kilo za mtoto, ata siku ametapika mara ngapi. Nilikuwa nimeisahau kwa sanduku chini ya kitanda. Jina la dawa nilikuwa nimeliandika vibaya kila ukurasa lakini daktari alielewa, akajumlisha, akaandika yote kwa karatasi moja, tukafanya echo. Moyo uko sawa kwa sasa. Tutarudia.

Kwa hivyo kama mtoto wako yuko wodi leo au amemaliza juzi, kabla hamjapigiwa makofi mwende nyumbani, omba karatasi moja yenye jina la ugonjwa, dawa zote na jumla ya kila moja, kama alichomwa miale ni wapi na kiasi gani, na upasuaji. Usiambiwe iko kwa faili, faili si yako. Piga picha, jitumie kwa WhatsApp, tumia baba yake pia, juu simu hupotea kwa matatu.

Sasa mambo ya figo moja. Mtu anaishi nayo vizuri tu, lakini presha ipimwe kila mwaka, ndio, hata ya mtoto, na mkojo uangaliwe kama una protini. Na Brufen au diklofenaki asimeze ovyo bila daktari kusema, zinaweza kuumiza figo. Hapo ndipo boding ilinipa wasiwasi, juu kwa hizi shule msichana akiumwa na tumbo ya mwezi anaenda kwa matroni anapewa nini? Brufen. Nikasema naandikia shule barua yenye kila kitu.

Msichana akakataa. "Mum, tafadhali, huko nisiende kuwa yule wa cancer. Praimari nilikuwa yule wa cancer miaka yote." Nikakasirika, baba yake akaniambia kaa chini kwanza, na ni ukweli, mimi nilikuwa naona figo, yeye anaona mabweni yenye wasichana mia kadhaa. Tukakubaliana: barua inasema ana figo moja na dawa asizopewa, inasomwa na nesi wa shule na matroni pekee, neno saratani halimo. Nesi akitaka zaidi anipigie.

Siku ya kuripoti nikimpangia sanduku nikapata kopi ya ile karatasi ya daktari iko chini ya viatu, ameikunja kwa bahasha. Juu ameandika na biro nyekundu: YANGU. USIFUNGUE.