Kwa nini panya waliobadilishwa jeni huorodheshwa na kugawanwa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari wilayani Kondoa. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wamesoma kwamba watafiti hubadilisha jeni za panya wa maabara kwa makusudi, kisha huorodhesha mabadiliko hayo na kuwapa wenzao panya hao. Wameniuliza kwa nini mtu agawe alichokitolea jasho, nami sikuwa na jibu la kuwaridhisha.

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza jambo la msingi, na jibu lake limo katika namna kazi yenyewe inavyofanyika. Panya dume hudungwa kemikali iitwayo ENU, ambayo mwaka 1979 William Russell na wenzake wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walionesha kuwa ina nguvu kubwa mno ya kubadilisha jeni katika seli zinazozalisha mbegu za kiume. Dume huyo hukaa wiki kadhaa bila uwezo wa kuzalisha, na akishaurejesha, kila mtoto wake huzaliwa na mabadiliko yake, mengi yakiwa ya herufi moja tu ya DNA. Kwa kuwa hakuna ajuaye mapema ni jeni ipi iliyoguswa, watoto hao hukaguliwa mmoja mmoja.

Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, ukaguzi wa namna hiyo ulionesha panya wa uzao mmoja waliopungukiwa damu, na walipopasuliwa, matumbo yao yalikutwa yamejaa vivimbe. Badiliko hilo lilitangazwa mwaka 1990 kwa jina la Min, na mwaka 1992 ikajulikana kwamba limo katika jeni ya Apc, ileile ambayo ikiharibika kwa binadamu husababisha vivimbe vya kurithi vya utumbo mpana. Katika orodha huandikwa jina la jeni, herufi iliyobadilika (hapa T imekuwa A, kwenye kodoni, yaani kikundi cha herufi tatu za DNA, ya 850), dalili, na ukoo wa panya, yaani aina ya panya waliozalishwa ndugu kwa ndugu hadi wakafanana kijeni; hapa ni C57BL/6. Huo ukoo ndio watu wengi huupuuza, nami naona ni kosa kubwa, kwa sababu panya hao wakizalishwa na wa ukoo wa AKR, watoto wanaorithi badiliko lilelile hupata vivimbe vichache sana. Mkulima wa zabibu wa Hombolo hatashangaa: kipando kilekile hakizai sawa katika kila udongo.

Kuhusu kugawana, waeleze habari ya Oktoba 1947, moto mkubwa ulipoikumba Bar Harbor, huko Maine, Marekani, ukaunguza Jackson Laboratory, maabara inayofuga panya wa utafiti wa jeni, na kuua karibu panya wake wote. Koo zile zilirudi kwa kuwa watafiti wa kwingine, waliokuwa wamepewa panya hao miaka ya nyuma, waliwarudisha. Aliyegawa ndiye aliyepata pa kuanzia upya. Siku hizi mbegu za kiume na viinitete huhifadhiwa katika naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na hutumwa kwa anayevihitaji, hivyo wanyama wengine hawateswi kutafuta badiliko ambalo tayari limepatikana.

Hifadhidata ya Mouse Genome Informatics husomwa bure kwenye intaneti. Waambie wanafunzi watafute Apc, kisha Min, wasome wenyewe yaliyoandikwa mbele ya neno ukoo (kwa Kiingereza, strain).