Mawe juu ya bati siyo dawa

Dada uliyeuliza kama uongeze mawe juu ya bati maana upepo umeshainua kona moja, hapana aisee, tena hayo yaliyopo yashushe leo leo, upepo ukibeba bati jiwe linadondokea mtu. Mwite fundi apige misumari ya bati upya na kenchi aifunge kwa waya mpaka ukutani, cheki hasa pembeni kwenye kingo kwa sababu upepo unaingilia hapo chini ndo unang'oa.

Ukivuma kabla hujatengeneza ingia chumba cha ndani na watoto, mbali na madirisha, chomoa tivii na friji, na msikimbilie chini ya mti.

Kingine nawaomba sana, makorongo ya huku Dodoma yanadanganya, unakuta mchanga mkavu kabisa kumbe mvua imepiga huko juu na maji yanakuja kwa kasi, kwa hiyo ukisikia ngurumo mbali usivuke, na bodaboda akikwambia "hayafiki hata goti" shuka, maji ya goti yakiwa na kasi yanambeba mtu mzima na pikipiki yake. Waya wa umeme ukianguka msiusogelee, pigeni simu TANESCO. Zimamoto ni 114, bure.