Muulize leo, usisubiri Jumapili

*Shangazi, mume wangu ni sajenti mstaafu wa JWTZ. Alikwenda Kongo kulinda amani, na marafiki zake wawili walifia Semuliki, Desemba 2017. Usiku halali. Fataki zikilia kwenye harusi anajitupa chini. Juzi amewagawia watoto kihamba, shamba letu la ukoo, akampa mkubwa medali zake, akasema, "Nimewachosha, mtapumzika." Naogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo. Mama mkwe anasema tusali tu.*
*Mke, Kibosho*

Mdogo wangu, barua yako imenishtua, hasa hizo medali. Anayegawa vitu vyake na kuaga hivyo, tusimwone kama mtu anayepanga mirathi.

Muulize leo. Kaeni mahali watoto hawasikii, umwambie: "Baba watoto, unafikiria kujiua?" Litamke hivyo hivyo. Kumuuliza hakumtii wazo. Wengi hupumua wakijua kuna anayethubutu kulisikia. Akijibu ndiyo, usilie kwanza wala usimhubirie. Muulize kama ameshapanga namna na siku.

Hata akikana, dawa za kunyunyizia kahawa na vidonge vyote vitoke nyumbani leo, vikae kwa jirani unayemwamini. Kama kuna silaha, nduguze waiondoe. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi huwa kali kwa muda mfupi, na akikosa cha kujidhuru nacho muda huo, anaweza kulivuka salama. Pombe nayo ikae mbali, maana inamwondolea mtu breki.

Kisha nendeni hospitali ya KCMC au Mawenzi leo hii, msingoje miadi. Pale mapokezi sema wazi: "Mume wangu yuko hatarini kujiua." Kuwaza kujiua si kosa la jinai, usilifiche mbele ya daktari. Kukosa usingizi na kushtuliwa na mlio ni dalili za kiwewe cha vita, na kiwewe kinatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, pengine na dawa. Semuliki waliuawa wanajeshi wetu wasiopungua 14 katika shambulio moja. Aliyezika wenzake namna ile hana upungufu wa imani, na mama mkwe aelezwe hivyo kwa heshima. Sala ziendelee, na hospitali aende.

Akigoma, mtafute askari mwenzake aliyekuwa naye Kongo, aje leo. Wanajeshi husikilizana wao kwa wao kuliko wanavyotusikiliza sisi. Na usiku huu asibaki peke yake hata dakika moja. Mpangiane zamu na shemeji zako, ili nawe upate kulala.