Kutoa virusi kwa malipo: maneno kwa fundi anayeanza

Mtu wa kwanza kunilipa kwa kazi hii alikuwa mwalimu, jirani yangu hapa Morogoro. Alikuja jioni na kompyuta mpakato ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Kwenye kona ya skrini, kila baada ya dakika, lilichomoza tangazo jekundu: kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza hapa. Nilikesha nayo. Nikaisakua kwa programu tatu tofauti, zote zikarudi mikono mitupu. Karibu na alfajiri ndipo nikagundua kuwa tovuti moja ya filamu za bure iliwahi kumwomba ruhusa ya kumtumia arifa, naye akakubali ili tu kile kidirisha kimwondokee machoni. Nikaifuta ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya Chrome. Dakika mbili, kazi imekwisha.

Asubuhi nikamtoza Sh20,000 na kumwambia virusi vilikuwa vingi.

Baada ya miezi michache tangazo likarudi, maana sikuwa nimemfundisha kukataa arifa. Safari hiyo akaenda kwa fundi mwingine, na fundi huyo akamwonyesha ukweli. Mwalimu hajawahi kunisema. Tunasalimiana vizuri tu. Lakini hajaniletea tena mashine, wala hajaniletea mwalimu mwenzake yeyote, na shule yao ina walimu zaidi ya thelathini. Siku hizi tatizo kama hilo nalitoza Sh5,000, na mwenye mashine ndiye anayeshika kipanya, mimi namwelekeza.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu vijana mnaoanza mnaniuliza sana kuhusu programu: ipi kali, ipi ya bure. Hilo ndilo swali jepesi. Windows yenyewe inakuja na Microsoft Defender, ambayo ina ukaguzi wa nje ya mtandao: mashine inajizima, inawaka bila kuipandisha Windows, inajikagua kwa kama dakika kumi na tano, na kirusi kilichozoea kujificha Windows ikiwa kazini kinakutwa kimelala. Ongeza Malwarebytes na AdwCleaner kwa vivinjari vilivyotekwa na matangazo, na diski ya uokoaji ya Kaspersky uliyoiweka kwenye flashi kwa mashine isiyotaka kuwaka. Soma leseni zake, kwani baadhi ya programu ni bure kwa mtu wa nyumbani tu, si kwa anayelipwa. Basi, mkoba wako umejaa. Vinavyokula muda na kuvunja urafiki ni vingine.

Kabla ya ukaguzi wowote, pima afya ya diski kuu ya mashine (hard disk). Wateja wengi wanaosema "ina virusi" wanamaanisha "ni nzito", na uzito unaweza kuwa wa diski inayokata roho, vumbi kwenye feni, au kumbukumbu (RAM) ndogo isiyomudu kazi. CrystalDiskInfo ni ya bure na itakuonyesha kama diski imeanza kuwa na sehemu mbovu. Ukaguzi kamili husoma kila faili. Diski mgonjwa ukiilazimisha kusoma kila kitu kwa saa nne inaweza kukufia mikononi, na mwenye mali atasema ilikuja inawaka ikarudi maiti. Hutakuwa na jibu. Nakili faili zake kwanza, mengine baadaye.

Na kuhusu kunakili, msiulize "vitu vyako vyote viko salama?" Mimi niliuliza hivyo. Mama mmoja, katibu wa kikundi cha VICOBA, akanijibu vyote viko kwenye flashi. Nikafuta, nikapiga Windows upya, nikamrudishia mashine inameta. Kesho yake akanipigia simu kuniuliza liko wapi lile daftari. Daftari gani, mama? Lile lililokuwa hapa mbele, ukiwasha tu unaliona. Hesabu za hisa na mikopo ya wanachama zilikuwa kwenye uso wa kompyuta, na uso huo ni folda iliyoko kwenye diski ya C, ile ile niliyoifuta. Kwake yeye, kinachoonekana mbele hakikuwa "kimehifadhiwa" mahali; kilikuwepo tu, kama picha ukutani. Tulikaa Jumapili mbili na wanachama wakiwa na vitabu vyao vidogo, tukiandika upya mstari kwa mstari. Sikulipwa, na soda nilinunua mimi. Tangu hapo nawaambia wateja: niwashie, nionyeshe kwa kidole kila unachokitumia. Nanakili pia nyaraka, vipakuliwa na picha hata wakikataa, na nakala hiyo nakaa nayo siku saba kisha naifuta mbele ya mwenyewe akitaka.

Kazi itakayokuletea wateja wengi kuliko zote ni flashi. Mwanafunzi anakwenda steshenari kuchapa tasnifu, kompyuta ya pale inapokea flashi mia kwa siku, anarudi bwenini anakuta folda zake zote zimegeuka njia za mkato za kilobaiti chache. Analia kwamba kazi imefutika. Haijafutika. Kirusi kimezificha faili halisi na kuzipa alama ya faili za mfumo, kikaacha njia ya mkato yenye jina lile lile. Akiibonyeza, folda inafunguka kweli, na papo hapo kirusi kinapanda kwenye mashine yake bila kishindo. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye kidirisha cha amri, attrib -h -r -s /s /d, ukitaja herufi ya flashi, na faili zinarudi kuonekana. Fundi mgeni hukosea hapa: anasafisha flashi, anaichomeka kwenye kompyuta ya mteja ambayo bado ni mgonjwa, inaambukizwa tena kabla hajamaliza kupokea pesa. Anza na kompyuta. Angalia kama kuna wscript.exe, programu ya Windows ya kuendesha hati za amri, inayoendesha faili ya ajabu, isimamishe, ing'oe kwenye orodha ya vinavyoanza na Windows, ndipo uiguse flashi. Kwa flashi natoza Sh3,000, kwa mwanafunzi elfu mbili. Yule mwenye steshenari nilimsafishia bure, mara moja kwa mwezi. Wenzangu waliniona mjinga, ila jina langu limebandikwa pale ukutani kwake hadi leo.

Bei: taja kiasi kimoja kabla hujafungua mashine, usihesabu saa. Ukaguzi wa diski ya zamani unaweza kwenda usiku kucha, lakini muda huo ni wa mashine, wewe umelala. Kwa kompyuta nzima nachukua Sh15,000, na nimejiwekea mpaka: nikiishughulikia kwa saa mbili za macho yangu mwenyewe haijatulia, namwita mwenye nayo, tunakubaliana kupiga Windows upya. Kupigana na kirusi kwa siku tatu ili kuonyesha umahiri ni starehe ya fundi, mteja haimhusu. Tena usifanyie kazi sebuleni kwake. Utaletewa chai, utaletewa na simu ya shangazi, na kabla hujaondoka televisheni nayo imekuwa yako. Mchana nimeajiriwa kwingine kabisa, na kanuni yangu nyingine ni kwamba mashine ya mteja haigusi mtandao wa ofisi ya mwajiri wangu. Hata kwa dakika tano za kupakua kitu.

Sasa niseme jambo ambalo mafundi hatupendi kulisikia. Virusi vingi ninavyovitoa viliingizwa na fundi. Mteja analeta kompyuta, fundi anapiga Windows, anaiwasha kwa kiwashio cha bure alichokiokota mtandaoni, yaani programu ya kuifanya Windows ikubali bila leseni ya kununua, na kiwashio hicho kinamwambia zima kwanza Defender. Anaizima! Halafu haiwashi tena. Mlango umeachwa wazi na mwenye kulipwa kuufunga.

Hapo ndipo vinapopita virusi vya kuteka faili. Jamii moja inayoitwa STOP, wengine Djvu, imewaumiza sana watu wa kawaida kupitia programu za kukraki, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli. Kila faili inafungwa kwa ufunguo wa siri na kuongezewa mkia wa herufi nne, na kwenye folda kunaachwa ujumbe, _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa 490. Mteja akija na hali hiyo, usimwahidi kitu, na usifute hata faili moja iliyofungwa. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure, lakini hakifungui zote, na sababu yake ni nzuri kuijua. Kirusi kikikuta intaneti huomba kwa seva ya wezi ufunguo mpya wa mashine hiyo peke yake. Kikikosa intaneti hutumia ufunguo wa akiba kilichokuja nao, ambao ni mmoja kwa wahanga wengi, na huo watafiti wakiupata, wote wanafunguliwa. Namba ya utambulisho iliyomo kwenye ujumbe ikiishia na t1, ni ufunguo wa akiba. Kwa hiyo kuna watu wameokolewa na bando lililokwisha, na sitanii. Jaribu pia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Vikishindikana vyote, mwambie hivyo hivyo, mhifadhie faili pembeni kwa siku ambayo ufunguo utapatikana, kisha mwambie abadilishe nywila zote kwa kutumia kifaa kingine, maana kirusi hicho mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba nywila.

Siri za watu sihitaji kuzieleza kwa urefu. Utaona picha, utaona mishahara, utaona barua za kesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa, na ruhusa ya kutoa virusi si ruhusa ya kutembea ndani ya folda zake. Tangu 1 Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ila hata kabla ya sheria, mji huu ni mdogo.

Jaribu kubwa litakuja kwa mlango wa simu. Kuna mwanamume alinijia, mtu wa heshima zake, akataka nimwekee mkewe programu ya kijasusi. Alikuwa na pesa mkononi, mara nne ya ninachopata kwa kompyuta. Nilimkatalia nikamweleza ni kosa kisheria, akacheka akaondoka. Baada ya wiki kadhaa mkewe akaja mwenyewe, jioni, akaketi kwenye kiti cha plastiki. "Kaka, naomba uniangalizie simu. Anajua kila ninachoongea."

Nilianza na WhatsApp, kwenye vifaa vilivyounganishwa, kwani mara nyingi jasusi mzima ni kompyuta iliyounganishwa siku simu ilipoachwa mezani. Hapakuwa na kitu. Nikaenda kwenye programu zenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa, kisha kwenye ufikivu, ile mipangilio ya kuwasaidia wenye ulemavu ambayo majasusi hupenda kuitumia. Ilikuwepo, imejipa jina la huduma ya mfumo, imeshika ruhusa zote, na ulinzi wa Play, ule wa Google wa kukagua programu, umezimwa. Nilimwonyesha. Sikumwambia nani alinijia, wala yeye hakuuliza.

Mkono wangu ulishakwenda kuing'oa, nikausimamisha. "Dada, nikiitoa sasa, aliyeiweka atajua leo leo. Nitoe?"

Alinyamaza kitambo. Akachukua simu yake, akaniaga, akaondoka nayo ikiwa vile vile. Nilijilaumu siku nyingi kwamba nimemwacha mtu na ugonjwa mkononi. Mwezi uliofuata akarudi akiwa na dada yake, akasema sasa anakaa Dodoma, futa kila kitu. Nikairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, nikamwekea namba mpya ya siri, tukafungua akaunti mpya ya Google pale pale. Nilipomwambia hakuna malipo, dada yake aliweka elfu tano chini ya kipanya, wakaenda kuwahi basi.